Kuomba Shahada ya Uzamili ya Siasa za Kanda Ng'ambo: Mwongozo kwa Wakazi wa Busia

Kaunti ya Busia ina vituo viwili vikubwa vya mpakani, Busia na Malaba, na ina ufuo wa Ziwa Victoria kuanzia Sio Port hadi Port Victoria. Mtoto anayekulia hapa huziona siasa za kanda kabla hajajua kusoma: fedha za nchi mbili sokoni, jamaa wa ukoo mmoja wenye vitambulisho vya nchi mbili, na malori yanayosubiri karatasi barabarani. Hata hivyo, mhitimu wa kaunti hii anapoomba nafasi ya kusomea siasa za kanda katika chuo cha kimataifa, hushawishika kuandika barua ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka popote. Huacha nyumbani kile ambacho wengine hawana.

Somo hili linaeleza mambo manne: masomo haya ni yapi, ni milango gani miwili yenye ufadhili kamili ambayo Mkenya anaweza kubisha, ni nyaraka zipi za kuanza kutafuta mapema, na jinsi ya kuandika barua inayobeba hoja ya kweli.

MASOMO YA SIASA ZA KANDA NI YAPI

Siasa za kanda ni elimu ya jinsi nchi jirani zinavyotunga kanuni za pamoja, zinavyoshindana na zinavyosuluhishana. Mfano ulio karibu ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo ina nchi wanachama 8: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010.

Mwanafunzi wa fani hii haishii kukariri tarehe hizo. Huuliza kwa nini mambo yako hivyo. Kwa mfano, Kenya na Uganda ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia ndani ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na iko SADC. Je, kuna maana gani kwa mfanyabiashara nchi yake inapofuata kanuni za miungano miwili kwa wakati mmoja? Nani huamua kanuni zinapogongana? Maswali kama haya ndiyo kiini cha masomo.

Mwenye shahada hii anaweza kufanya kazi katika idara za serikali zinazoshughulikia mipaka na biashara, katika sekretarieti za jumuiya za kikanda, katika mashirika ya kijamii, katika utafiti, ualimu wa chuo au uandishi wa habari. Shahada yenyewe haimhakikishii mtu kazi. Ndiyo maana ni muhimu mwombaji ajue mapema anataka kuitumia kwa shughuli gani.

MLANGO WA KWANZA: ERASMUS MUNDUS

Erasmus Mundus ni mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004. Kila programu huendeshwa na muungano wa vyuo vikuu visivyopungua 3 kutoka nchi tofauti. Mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua 2, kwa muda wa mwaka 1 hadi miaka 2.

Anayepata ufadhili halipi karo, na hupewa yuro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kiasi hicho ndicho cha kulipia nauli, viza, nyumba na chakula. Jambo hili linahitaji kueleweka vizuri. Kwa kawaida malipo huanza masomo yakianza, kwa hiyo familia inapaswa kupanga mapema fedha za viza na tiketi ya kwanza.

Katika orodha ya programu zilizowahi kuwemo kuna zinazogusa fani hii moja kwa moja. Programu ya Global Studies imeratibiwa na Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Programu ya EMMIR, inayohusu uhamiaji na mahusiano ya jamii, imeratibiwa na Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, na miongoni mwa washirika wake wa Afrika ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda. Chuo Kikuu cha Glasgow nacho kimeongoza programu ya siasa za Ulaya Mashariki na Urusi. Orodha hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo mwombaji aanze na katalogi rasmi ya Erasmus Mundus iliyo kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya, kisha aingie katika ukurasa wa programu yenyewe.

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa programu. Programu nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza mwaka wa masomo unaofuata. Anayemalizia mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaweza kuomba, mradi awe amehitimu kabla masomo kuanza. Aliyewahi kupata ufadhili wa Erasmus Mundus wa uzamili hapewi tena.

Tahadhari moja kubwa: kukubaliwa kusoma na kupewa ufadhili ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kupokea barua ya kukubaliwa kama mwanafunzi wa kujilipia, au kuwekwa katika orodha ya akiba. Mzazi asiuze shamba wala ng'ombe kwa sababu ya barua ambayo haijasomwa hadi mwisho. Kabla ya sherehe yoyote, familia itafute sentensi inayosema wazi kama ufadhili umetolewa au la.

MLANGO WA PILI: PAN AFRICAN UNIVERSITY

Pan African University ni chuo kikuu cha Umoja wa Afrika, kilichozinduliwa mwaka 2011. Kina taasisi zilizotawanywa katika kanda za bara hili. Wakenya wengi wanaifahamu taasisi iliyoko Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Lakini taasisi hiyo hufundisha sayansi, teknolojia na ubunifu. Anayetaka siasa za kanda anapaswa kuangalia taasisi ya utawala, masomo ya binadamu na sayansi ya jamii iliyoko Kamerun. Humo, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yaoundé II kilichoko Soa, hufundishwa shahada ya uzamili ya utawala na utangamano wa kikanda, kwa muda wa miaka 2.

Matangazo ya chuo hiki ya miaka iliyopita yamedai shahada ya kwanza ya daraja la pili ngazi ya juu au zaidi. Kwa uzamili yameweka kikomo cha umri cha miaka 30 kwa wanaume na miaka 35 kwa wanawake. Mwombaji asome tangazo la mwaka wake, kwa kuwa masharti na makataa huweza kubadilika.

Kamerun hutumia Kifaransa na Kiingereza kama lugha rasmi. Mkazi wa Busia aliyezoea kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine sokoni haanzi kutoka sifuri, lakini atahitaji Kifaransa cha maisha ya kila siku. Kuanza kujifunza miezi kadhaa kabla ya safari ni busara. Pia ataombwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano anapoingia nchini humo.

MLANGO UPI UNAMFAA NANI

Mwenye daraja la pili ngazi ya juu na umri ulio ndani ya kikomo anaweza kubisha milango yote miwili. Aliyevuka umri huo, kwa mfano mwalimu au afisa aliyefanya kazi miaka 15, aelekee Erasmus Mundus, ambako umri si kizuizi na uzoefu wa kazi huhesabiwa. Anayetaka kuchunguza siasa za Afrika akiwa Afrika, pamoja na wanafunzi kutoka kona zote za bara, atapata manufaa zaidi Yaoundé. Anayetaka kulinganisha Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya ana sababu nzuri ya kwenda Ulaya.

Na asiyepata nafasi mwaka huu hajafungiwa. Vyuo vikuu vya hapa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, vina masomo ya uzamili ya diplomasia na uhusiano wa kimataifa. Pia hakuna sheria inayomzuia mtu kuomba tena mwaka unaofuata akiwa na barua iliyo bora.

NYARAKA: ANZA NA ZINAZOCHELEWA

Kosa la kawaida ni kuanza na fomu. Fomu hujazwa kwa siku chache, ilhali baadhi ya nyaraka huchukua wiki au miezi. Kanuni ni moja: kinachotegemea ofisi ya mtu mwingine kianze kwanza.

Majina. Mwombaji apange mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na cheti cha shahada, kisha asome majina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia, au jina la ukoo lililo kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine, huweza kusimamisha pasipoti au viza. Tofauti ndogo mara nyingi huelezwa kwa hati ya kiapo. Kubadilisha jina kabisa kuna utaratibu wake wa kisheria na huchukua muda mrefu zaidi.

Pasipoti. Huombwa kupitia eCitizen. Mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chake, nakala za vitambulisho vya wazazi na mtu wa kumtambulisha. Ada huonyeshwa kwenye mfumo kabla ya kulipa. Asiye na mtandao nyumbani anaweza kuomba msaada Huduma Centre ya Busia.

Transkripti. Vyuo vya nje hutaka matokeo ya kila mwaka wa masomo, si cheti cha kuhitimu peke yake. Mwenye deni la karo au kitabu cha maktaba asichorudisha atakwama hapa, hivyo alimalize jambo hilo mapema. Ambaye bado hajafuzu aombe chuo chake barua inayoonyesha alipofikia na tarehe anayotarajiwa kumaliza.

Uthibitisho wa Kiingereza. Programu nyingi huhitaji mtihani kama IELTS au TOEFL, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka 2. Baadhi hukubali barua ya chuo inayosema kuwa masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Mwombaji aulize kwanza kabla ya kulipia mtihani, kwani gharama yake si ndogo.

Barua za mapendekezo. Kwa kawaida huhitajika 2. Barua ya mhadhiri aliyemsimamia mwanafunzi katika utafiti ina uzito kuliko ya mtu mwenye cheo kikubwa asiyemfahamu. Iwe amesoma Alupe au kwingineko, mwombaji amwendee mhadhiri wake mwezi mmoja au zaidi kabla ya makataa, akiwa na matokeo yake, rasimu ya barua yake na maelezo ya programu. Programu nyingine humtumia mhadhiri kiungo kwa baruapepe. Basi ni vyema kumkumbusha kwa adabu aangalie hata sehemu ya barua taka.

BARUA YA KUELEZA NIA

Hapa ndipo maombi mengi hufanana, na hapa ndipo mkazi wa mpakani ana nafasi ya kujitofautisha. Tazama sentensi hii ya mfano:

"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma siasa za kimataifa ili niisaidie nchi yangu."

Si uongo, lakini haisemi lolote. Sasa tazama nyingine, ya mwombaji wa kubuni aliyefanya kazi na wakala wa forodha:

"Kwa miaka miwili nimefanya kazi Malaba. Kanuni za Jumuiya humruhusu mfanyabiashara mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Bado nimewaona wenye mizigo midogo kuliko hiyo wakipita njia za panya. Nataka kuchunguza kama kasoro iko katika kanuni, katika utekelezaji wake mpakani, au katika taarifa zisizowafikia wahusika."

Ya pili ina mahali, kanuni, jambo lililoonekana kwa macho na swali lisilo na jibu rahisi. Msomaji wake aliyeko Leipzig au Yaoundé anajua mara moja kwamba mtu huyu ana kitu cha kufanyia kazi.

Maswali ya namna hii yamejaa Busia. Ziwa Victoria linamilikiwa na nchi tatu, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya maji yake. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, lina kazi ya kuoanisha kanuni za uvuvi. Je, mvuvi wa Bunyala ana sauti gani katika kanuni hizo? Mito ya Sio, Malaba na Malakisi iko katika bonde linaloshirikishwa na Kenya na Uganda. Mafuriko au ukame ukija, nani humwarifu nani? Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Je, uhuru wa kusafiri uliomo katika Soko la Pamoja umebadilisha nini katika mazishi, harusi na matibabu yao?

Barua nzuri inaweza kujengwa kwa aya nne. Ya kwanza itaje swali na lilikotoka. Ya pili ionyeshe masomo au kazi iliyomwandaa mwombaji kulishughulikia. Ya tatu ieleze kwa nini programu hii na si nyingine, kwa kutaja somo, chuo au muhula fulani ambao utamsaidia. Ya nne iseme atafanya nini na elimu hiyo baadaye. Anayepata shida kuanza kwa Kiingereza aandike kwanza kwa Kiswahili au lugha ya mama hadi hoja ikae sawa, kisha ndipo aandike upya kwa Kiingereza. Hoja ikishakuwa wazi, lugha haisumbui sana.

Kununua barua iliyoandikwa na mtu mwingine ni hatari. Baadhi ya programu hufanya mahojiano, na asiyeijua barua yake hubainika kwa swali la pili.

KALENDA YA MWAKA MMOJA

Kwa masomo ya Erasmus Mundus yanayoanza Septemba, mpango ufuatao unafaa.

Aprili hadi Juni ya mwaka uliotangulia: kulinganisha majina, kuomba pasipoti na kufuatilia transkripti.
Julai na Agosti: kusoma katalogi, kuchagua programu chache zinazofaa na kuandika swali la utafiti.
Septemba: kuwaendea wahadhiri na kufanya mtihani wa Kiingereza ikiwa unahitajika.
Oktoba hadi Januari: kutuma maombi, angalau wiki moja kabla ya makataa ili kukwepa kukatika kwa umeme na mtandao.
Februari hadi Mei: mahojiano na majibu.
Juni hadi Agosti: viza, bima, cheti cha tabia njema kikihitajika, na maandalizi ya safari.

Makataa ya Pan African University hutangazwa na chuo chenyewe. Mwenye nyaraka hizi tayari hatababaishwa na tangazo la ghafla.

KAZI, MKOPO NA KURUDI NYUMBANI

Mtumishi wa umma asiondoke kwa makubaliano ya mdomo. Likizo ya masomo huombwa kwa maandishi na jibu lake liwe la maandishi, likieleza kama mshahara utaendelea na kama kuna sharti la kurudi kazini kwa muda fulani.

Mwenye mkopo wa HELB akumbuke kuwa ufadhili wa nje haufuti deni la shahada ya kwanza. Azungumze na Bodi kabla ya kusafiri na waelewane jinsi ya kulipa, ili adhabu zisirundikane akiwa mbali.

Anayerudi na shahada ya nje anaweza kuhitaji itambuliwe rasmi nchini kabla ya kuajiriwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina jukumu la kutambua na kulinganisha shahada za vyuo vya nje. Ahifadhi transkripti, barua ya kukubaliwa na nakala za pasipoti zenye mihuri.

JIHADHARI NA MATAPELI

Hakuna wakala anayeweza kumuuzia mtu ufadhili wa Erasmus Mundus au wa Umoja wa Afrika. Anayedai "nafasi iliyohifadhiwa" kwa malipo ya M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi ni tapeli. Mwombaji aulinganishe kila ujumbe na tovuti rasmi ya programu, na asimpe mtu mwingine nywila ya akaunti yake ya maombi. Aliyekwisha kutapeliwa aripoti kituo cha polisi akiwa na ujumbe na risiti za malipo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, majina katika vyeti vyote vinne yanafanana?
2. Je, kuna wahadhiri wawili wanaoikumbuka kazi ya mwombaji, na si sura yake tu?
3. Je, swali lake la utafiti linataja mahali, kanuni au taasisi, na jambo alilolishuhudia?
4. Je, anaweza kueleza kwa dakika mbili kwa nini amechagua programu hiyo?
5. Je, familia imepanga fedha za safari ya kwanza, na inajua tofauti ya kukubaliwa na kufadhiliwa?

Anayejibu ndiyo kwa yote matano yuko tayari kufungua fomu. Aliye na hapana moja au mbili bado ana muda, ikiwa ataanza wiki hii.